Je, Wajua? Nani Hulipia Redio ya Zimamoto

Gari jipya la zimamoto likiingia mjini, watoto hulikimbilia, madiwani hupiga nalo picha na wazee hulisomea dua. Ripita mpya, yaani mtambo wa kupokea sauti za redio na kuzirusha tena kwa nguvu, ikifungwa kileleni mwa kilima, hakuna anayejua ila fundi aliyeipandisha na wachunga mbuzi wa karibu. Na bado, gari lile likikosa sauti ya kuliambia moto uko mtaa gani na njia ipi imefungwa, ni tangi la maji tu linalozunguka mjini. Nimekusanya hapa mambo kadhaa kuhusu redio za upepo za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, hasa kuhusu fedha zake. Kadiri ninavyosoma historia yake ndivyo ninavyoona kwamba swali la kwanza halikuwa la ufundi. Lilikuwa ni nani atatoa pesa, na atazitoa kabla ya msiba au baada yake.

Je, wajua kwamba polisi wa Detroit, Marekani, waliwahi kulazimika kuwapigia wananchi muziki? Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walitaka kutangaza namba za magari yaliyoibwa ili askari wa doria wazisikie wakiwa barabarani. Serikali haikuwa na leseni ya redio ya polisi, kwa hiyo kituo chao, kilichoitwa KOP, kilipewa leseni ya burudani, na burudani ilibidi irushwe kweli. Tarehe 7 Aprili 1928 ndipo mtambo wao ulipoanza kazi ya kila siku bila kukatika. Hata hapo gari la doria lilikuwa na masikio bila mdomo: askari alisikia agizo, lakini akitaka kujibu alitafuta simu ya mezani. Gari lililoweza kusikia na kujibu lilipatikana mwaka 1933 katika mji mdogo wa Bayonne, jimbo la New Jersey.

Je, wajua kwa nini polisi wa Marekani husema "kumi-nne" wakimaanisha "nimekupata"? Redio za magari za miaka ya 1930 zilitegemea mota ndogo ya kuzalisha umeme wa kurushia, na mota hiyo ilichukua sehemu ya sekunde kushika kasi baada ya kitufe kubonyezwa. Neno la kwanza likapotea kila mara. Afisa mawasiliano wa polisi wa Illinois, Charles Hopper, akabuni mwaka 1937 mtindo wa kutanguliza "kumi" mbele ya kila msimbo, ili likipotea lipotee neno lisilo na kazi.

Misimbo hiyo ilienea, kila mji ukaongeza yake, mpaka ikawa namba moja ina maana hii kwa polisi wa huku na maana nyingine kabisa kwa wa ng'ambo ya mto. Dawa iliyotumika ilikuwa ya kifedha: kuanzia mwaka wa bajeti wa 2006 serikali kuu ya Marekani iliambatanisha ruzuku zake za maandalizi ya maafa na sharti kwamba, kwenye tukio linalohusisha vikosi vya zaidi ya sehemu moja, watu waongee lugha ya kawaida. Atakayeng'ang'ania misimbo yake anahatarisha fungu lake. Sijaona mfano mzuri zaidi wa bajeti kusahihisha lugha.

Twende mnarani, maana huko ndiko pesa nyingi huishia. Redio ya mkononi ya askari wa zimamoto hurusha takriban wati 5, chini ya taa ndogo ya sebuleni. Mawimbi yake husafiri karibu kama mwanga: hayapindi kufuata mviringo wa dunia, hayatoboi kilima. Mafundi wana hesabu yao. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata umbali wa upeo wake kwa kilomita. Antena ya mita 25 kwenye ardhi tambarare inafika kama kilomita 20. Ukitaka kuongeza umbali huo mara mbili, mnara hautoshi kuwa mara mbili, lazima uwe mara nne, yaani mita 100. Anayetazama mnara wa mji wake na kudhani kwamba ukiongezwa kidogo tatizo litakwisha, hesabu hii itamsikitisha.

Kuna jambo jingine ambalo wajumbe wa kamati za fedha hulikuta kwa mshangao. Kituo kikuu kina mtambo mkubwa na antena ndefu, kwa hiyo askari aliyeko bondeni anakisikia vizuri sana. Yeye akijibu kwa wati zake 5, kituo hakipati kitu. Mtu wa mezani anadhani mwenzake yuko kimya, na mwenzake anadhani amesikiwa. Tiba yake ni kusambaza vipokezi sehemu mbalimbali za mji, kila kimoja kikisikiliza, na mtambo mmoja kuchagua sauti iliyo safi kuliko zote. Hivyo vipokezi ni nyumba ndogo, betri, kodi ya ardhi, uzio na fundi wa kuvizungukia. Redio ya mkononi peke yake, kwa mfumo wa kisasa wa Marekani, ni dola elfu kadhaa, na bado hiyo ndiyo sehemu inayoonekana kwa macho.

Basi mji mdogo hupata wapi fedha hizo? Katika jimbo la Massachusetts, na sehemu nyingine za kaskazini-mashariki mwa Marekani, miji midogo mingi ingali na mkutano mkuu wa mji, desturi ya tangu karne ya 17. Wapiga kura hukutana ukumbini, mara nyingi wa shule, na kila ombi la fedha husomwa kwa sauti. Mkuu wa zimamoto husimama mbele ya majirani zake kueleza kwa nini redio za zamani hazifai tena. Mwananchi yeyote aliyejiandikisha kupiga kura anaweza kumuuliza swali. Mji ukitaka kukopa kwa ajili hiyo, wingi wa kura hautoshi: sheria ya jimbo inadai theluthi mbili. Napenda utaratibu huo. Anayekataa anakataa akimtazama usoni mtu atakayekuja kumtoa kwenye moshi.

Mlango wa pili ni serikali kuu, kupitia mfuko wa ruzuku za vikosi vya zimamoto unaosimamiwa na shirika lao la maafa, FEMA. Mfuko huo umekuwa ukitoa fedha tangu mwaka 2001, na mchango wa mji hupimwa kwa idadi ya watu. Mji wenye wakazi 20,000 au pungufu huongeza dola 5 kwa kila dola 100 za ruzuku. Wenye zaidi ya hapo mpaka milioni moja huongeza 10. Wanaozidi milioni moja huongeza 15.

Mlango wa tatu uko kwenye bili ya simu. Simu ya kwanza kabisa ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, na tangu hapo majimbo mengi yameweka tozo ndogo ya kila mwezi kwa kila laini ili kuhudumia vituo vya dharura. Na je, wajua kwamba si kila senti ya tozo hiyo ilifika kituoni? Majimbo mengine yalichota na kuziba mapengo mengine ya bajeti. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliiagiza tume ya mawasiliano, FCC, itoe taarifa kila mwaka ikiyataja kwa majina majimbo yanayochepusha fedha hizo. New York na New Jersey yametajwa mara nyingi. Mimi kuchepusha huko nakuita kwa jina lake: ni kumtoza mtu bima kisha kuila.

Mara nyingine gharama huja kwa agizo. Chaneli za redio za dharura za masafa ya kawaida zilikuwa na upana wa kilohezi 25. Watumiaji wakaongezeka, hewa ikajaa, FCC ikaamua kila kiwanja kigawanywe viwili: kuanzia tarehe 1 Januari 2013 kila mmoja abaki kwenye kilohezi 12.5. Kwa mji wenye redio mpya ilikuwa kazi ya mchana mmoja kwa fundi na kompyuta yake. Kwa mji ambao redio zake zilikuwa zimeishi miaka 20, ilikuwa kununua upya kila kitu, kuanzia mezani mpaka kiunoni mwa askari.

Na mara nyingine fedha hutoka mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka msimu wa ving'amuzi, mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Marekani walizima yao tarehe 12 Juni 2009. Televisheni ya dijitali hula nafasi ndogo hewani, kwa hiyo sehemu kubwa ya masafa ilibaki wazi, na serikali ikaipiga mnada mwaka 2008 ikapata takriban dola bilioni 19. Kabla hata mnada haujafanyika, sheria ilikwishatenga dola bilioni 1 ya mapato hayo kwa redio za vikosi vya dharura. Kwa maneno mengine, picha za televisheni zilihama ili sauti za zimamoto zipate pa kukaa na nauli ya kufikia.

Kwenye mnada huo kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakikuuzika. Mnunuzi alitakiwa kushirikiana na vikosi vya dharura, na bei ya chini ilikuwa dola bilioni 1.3. Aliyejitokeza ni mmoja, na dau lake lilikuwa dola milioni 472, kwa hiyo mauzo hayakufanyika. Februari 2012 kipande hicho kilikabidhiwa bure kwa mamlaka mpya, FirstNet, pamoja na dola bilioni 7 za kuanzia, ili nchi nzima iwe na mtandao mmoja wa vikosi vya dharura. Kiwanja kilichokosa mteja kikawa cha umma.

Sasa tufike New York, kwa sababu bila siku moja ya Septemba 2001 hakuna hata senti moja ya hizo bilioni 7.

Tarehe 26 Februari 1993 bomu lililipuka chini ya majengo pacha ya World Trade Center. Watu sita walikufa. Askari wa zimamoto waliopanda ngazi waligundua kwamba redio zao hazipenyi chuma na saruji ya ghorofa zaidi ya mia. Mwaka uliofuata ikafungwa ripita maalumu kwa ajili yao ndani ya eneo hilo: sauti dhaifu ya mtu aliye juu iingie kwenye mtambo, itoke ikiwa na nguvu. Fedha zilitoka, kifaa kikafungwa. Ulikuwa uamuzi sahihi.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, kwenye dawati la ukumbi wa chini wa mnara wa kaskazini, ripita hiyo ilihitaji vifungo viwili. Kimoja cha kuiwasha, kingine cha kuwezesha mkono wa simu wa mkuu wa operesheni. Cha kwanza kilibonyezwa. Cha pili hakikubonyezwa. Wakuu wa zimamoto walipojaribu mtambo wakasikia kimya, wakaamua kwamba umekufa, wakarudi kwenye chaneli za kawaida ambazo ndizo zilezile zilizoshindwa mwaka 1993. Katika mnara wa kusini wengine waliitumia ripita, na ilifanya kazi. Mnara huo ulipoanguka saa tatu na dakika 59 asubuhi, amri ya kushuka ilitolewa kwa walioko kaskazini. Baadhi waliisikia. Baadhi hawakuisikia. Wengine waliisikia wakachelewa kwa kusaidia raia na wenzao. Mnara wa kaskazini ulianguka saa nne na dakika 28. Idara ya zimamoto ya New York ilipoteza watu 343 siku ile.

Tume ya uchunguzi iliandika habari ya vifungo hivyo kwa utulivu mkubwa katika ripoti yake ya mwaka 2004. Mimi siwezi kuisoma kwa utulivu. Kifaa kilikuwepo, kimelipiwa, kina umeme, kiko hai. Kilichokosekana ni saa chache za kuwazoesha watu, kazi ambayo kwenye bajeti huandikwa mstari wa mwisho na hukatwa kwanza. Kuna jambo jingine halisemwi sana: Machi ya mwaka uleule New York ilikuwa imegawa redio mpya za dijitali kwa askari wake. Baada ya muda mfupi, wito wa askari mmoja aliyekuwa hatarini haukusikika ilivyopaswa, na redio zote mpya zikarudishwa ghalani. Septemba ilipofika, waliingia majengoni na zile za zamani.

Je, wajua kwamba redio mpya inaweza kumsikia mtu vibaya kuliko kuukuu? Redio ya analojia ikifika mwisho wa uwezo wake huanza kukwaruza, sauti inafifia taratibu, na mwenye sikio lililozoea bado anaokota neno. Ya dijitali inakaa safi, safi, kisha inakatika ghafla kama uzi. Tena mtambo wake wa kubana sauti umefunzwa sauti ya binadamu. Ukiweka karibu yake msumeno wa mota au king'ora kidogo ambacho askari huvaa begani, unajaribu kutafsiri kelele kana kwamba ni maneno, na kinachotoka upande wa pili hakieleweki. Wakuu wa vikosi vya zimamoto vya Marekani walilifanyia kazi suala hili na kutoa ripoti mwaka 2008, wakitoa ushauri wa namna ya kushika kipaza sauti na kukilinda na kelele. Kwa sababu hiyo, mji wenye busara hauagizi redio kwa kusoma katalogi. Unaazima chache, unawapa askari wakaingie nazo kwenye chumba cha mazoezi chenye moshi na msumeno unaonguruma.

Uingereza nao wana simulizi yao. Mpango wao wa mwaka 2015 ulikuwa redio za zamani za vikosi vyote zizimwe ifikapo mwisho wa 2019 na nafasi yake ichukuliwe na mtandao wa simu za kisasa. Mwisho wa 2019 ulipita, redio za zamani zikiwa bado kazini, na mkaguzi wao wa hesabu akiwa amekadiria gharama ya pauni bilioni 9.3, yaani bilioni 3.1 juu ya makisio ya mwanzo.

Umeme nao. Kimbunga Katrina kilipopiga kusini mwa Marekani Agosti 2005, vituo 38 vya kupokea simu za 911 vilinyamaza na wateja zaidi ya milioni 3 walikosa laini. Kuna jenereta zilizozama kwa kuwa zilikaa chini, na kuna zilizoishiwa mafuta kwa sababu barabara ya kuyapeleka ilikuwa chini ya maji. Mississippi, wanajeshi walirudi kwenye njia ya mababu: tarishi anakimbia na karatasi kutoka kwa kamanda mmoja kwenda kwa mwingine. Puerto Rico mwaka 2017, Kimbunga Maria kilinyamazisha zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba wapenzi wa redio, watu wanaofanya hivyo kwa burudani majumbani mwao, waje na vifaa vyao. Kama ningekuwa kwenye kamati ya fedha ya mji wowote, ningeuliza kwanza kuhusu betri: zina umri gani, na usiku mmoja bila umeme zinafika saa ngapi.

Kwetu Afrika Mashariki, atakayepiga 114 Tanzania kuita zimamoto, au 999 Kenya, anaanza safari ambayo sehemu yake ya pili hupita kwenye redio. Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67, serikali iliingia mkataba na Safaricom mwaka 2014 wa shilingi bilioni 14.9 kuwapatia polisi mtandao wao wa mawasiliano na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Tena ni baada ya msiba. Ila nchi zote mbili zina mifuko ya kupeleka mawasiliano pasipo na faida ya biashara: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania, uliotungiwa sheria mwaka 2006, na ule wa Kenya ambako kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi. Mnara unaojengwa kijijini kwa fedha hizo ndio humwezesha mama mwenye uchungu wa uzazi kuita gari.

Kabla ya minara hiyo palikuwa na madaktari wa ndege. Amref ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na kwa miaka mingi redio za hospitali za mbali zilizounganishwa na Nairobi ndizo zilizoita ndege. Wazo la daktari wa ndege lilikuwa limetangulia Australia, na huko ndiko nilikokuta habari ya fedha inayonigusa kuliko zote.

Mchungaji John Flynn wa kanisa la Presbiteri alikuwa amezunguka nyika ya Australia akiona watu wanakufa kwa maradhi yanayotibika, kwa sababu daktari yuko mamia ya kilomita na hajui. Tajiri mmoja aliyetengeneza mashine za kuvunia, H. V. McKay, alipofariki mwaka 1926 aliacha katika wosia wake pauni 2,000 kwa ajili ya jaribio la ndege ya matibabu. Ndege ya kwanza iliruka kutoka Cloncurry tarehe 17 Mei 1928. Lakini ndege bila mtu wa kuiita haina safari, na mashamba ya huko hayakuwa na umeme. Fundi wa Adelaide, Alfred Traeger, akaunda jenereta ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli. Mwaka 1929 redio hizo zikaanza kufungwa mashambani.

Tatizo likabaki moja: ujumbe ulikwenda kwa alama za Morse, na wengi wa waliobaki nyumbani walikuwa wanawake ambao hawakuwahi kujifunza alama hizo. Kulikuwa na waliosema wafundishwe. Traeger aliona kwamba mwenye mtoto anayeweweseka kwa homa hatakumbuka nukta na mistari. Akarudi karakanani, akatengeneza kibodi kama ya taipureta: ukibonyeza A, mashine yenyewe inapiga alama za A. Mama akawa anakaa kitini, anakanyaga pedali, anaandika kwa maneno yake ni nini kinamuuma mtoto, na Cloncurry wanapokea.